Tulivyompeleka Ndugu Yangu Malakisi kwa Waifai ya Gari

Gari letu lilikuja nyumbani likiwa na laini yake ya simu. Laini hiyo ilifungwa ndani ya gari lenyewe kiwandani, na juu ya paa kuna kitu cheusi kama pezi la samaki cha kunasia mtandao. Mume wangu alilinunua kwa mtu wa Eldoret aliyekuwa anahama nchi. Mtu huyo alikuwa amelipia intaneti ya gari mwaka mzima kabla hajajua kwamba atahama, kwa hivyo tulirithi gari pamoja na miezi kadhaa ya waifai ambayo hatukuiomba.

Siku ya kwanza nilipolipeleka kwa wazazi wangu, Baba alilizunguka mara mbili, mikono nyuma, kama anavyozunguka ng'ombe mnadani.

"Mwalimu," akasema. Hivyo ndivyo anavyoniita tangu niajiriwe. "Ati hili gari lina laini?"

"Ndiyo, Baba."

"Linampigia nani?"

"Halimpigii mtu. Linatupa intaneti sisi tulio ndani."

Akafikiri. "Na likipigiwa?"

Nikajifanya natafuta ufunguo. Mume wangu naye alijifanya anakagua gurudumu.

Wazazi wangu wanakaa mbele kidogo ya Endebess, shamba lao likiwa kwenye bonde, na mtandao wa simu hufika pale unapojisikia. Mama akitaka kuongea na mtu, hupanda ngazi za ghala la mahindi na kusimama kwenye ile ya juu kabisa, mkono mmoja umeshika simu, mwingine umeshika mlango asianguke. Simu za video hazikuwezekana kamwe. Ndugu yangu mdogo, kitindamimba wa Mama, yuko Ghuba, na kwa miaka sita sura yake ilikuwa inatufikia vipande vipande: paji la uso leo, kidevu wiki ijayo.

Jioni ile ya kwanza tuliunganisha tableti yetu na waifai ya gari, pale pale uani, tukampigia. Akatokea mzima, kuanzia nywele hadi shingo, akicheka. Mama alipiga ukelele, kuku wakatawanyika.

"Ana ndevu! Jameni, ana ndevu!"

Baba alikuwa amesimama nyuma ya Mama. Aliangalia kidogo, akasema lazima akaangalie maji ya ng'ombe, akaondoka.

Nieleze kuhusu Baba na ndugu yangu. Baba alikuwa amepanga kwamba ndugu yangu ndiye atakayechukua shamba. Alikuwa amemfundisha kukama, kupiga dawa, kujua ng'ombe anayeumwa kwa kumtazama masikio. Ndugu yangu alipopata kazi ya kuendesha basi la wafanyakazi huko Ghuba, hawakupigana wala kutukanana. Walinyamaziana tu. Wiki tatu nyumba nzima ilikula chakula kimya kimya. Asubuhi ya kuondoka, watu wa kanisa walikuja kuomba, gari la kumpeleka uwanja wa ndege likaja, sote tukasimama uani, lakini Baba hakutoka. Mama akasema yuko kwenye zizi anakama. Dereva akapiga honi. Akapiga tena, na tena. Ndugu yangu akatazama upande wa zizi, kisha akaingia garini.

Tangu siku hiyo mazungumzo yao kwenye simu yalikuwa haya, na mimi nayajua kwa moyo kwa sababu mara nyingi simu ilikuwa yangu:

"Habari, Baba."

"Nzuri. Ng'ombe wazima."

"Haya."

"Haya. Ongea na mama yako."

Miaka sita. Hata swali la ng'ombe Baba alilijibu kabla ya kuulizwa, ili waharakishe kumaliza.

Sasa, shangazi yetu wa Malakisi, dada mkubwa wa Baba, alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, jicho moja kwanza na baada ya miezi michache la pili. Kwa karibu miaka minne alikuwa anatujua kwa sauti tu. Bandeji ya mwisho ilipotoka, alituma ujumbe kwamba aletewe ndugu yake amwone, kwa sababu sura aliyobaki nayo kichwani ilikuwa ya kijana na alijua wazi kwamba huyo hayupo tena. Tukapanga twende mwezi wa nane, shule zikiwa zimefungwa. Mume wangu alikuwa kazini, kwa hivyo dereva nilikuwa mimi.

Ndugu yangu alisoma sekondari yake yote akikaa kwa shangazi. Aliposikia habari za safari, akanipigia.

"Sista, nami naenda."

"Unaenda na nini?"

"Si gari liko na waifai? Nendeni Ijumaa. Ijumaa ni ofu yangu, siendi kazini. Mniweke tu mahali naona."

Nilidhani ni mzaha. Lakini nilipomwambia Mama, tayari alikuwa anahesabu watu wa kuketi, na alimhesabu yeye pia.

Ijumaa hiyo, saa tatu asubuhi, tulipakia gunia la viazi, kabichi, maziwa ya mgando kwenye mtungi, na blanketi jipya la shangazi. Baba akakaa mbele, amevaa koti lake la kanisani na kofia. Mama akakaa nyuma, na kando yake, kwenye kiti chake pekee, tableti ikiwa imeegemezwa juu ya blanketi lililokunjwa. Kabla sijawasha gari, nilisikia mlio wa mkanda. Nikageuka. Mama alikuwa ameifunga tableti mkanda wa usalama.

"Mama, hiyo si lazima."

"Ukifunga breki, ataanguka," akasema. "Endesha."

Ndugu yangu alikuwa amelala kwenye kitanda cha chini, katika chumba wanachokaa wanaume wanne, amevaa jezi ya mpira iliyochakaa. Saa za huko ni zile zile zetu, na jambo hilo lilimfurahisha Mama kuliko mtandao wenyewe. Kila mara alimwambia, "Ni kama tumeamka nyumba moja." Sauti ya ndugu yangu ilikuwa inatoka kwenye spika za gari, mlango wa mbele na wa nyuma, na mara ya kwanza aliposema "Habari ya asubuhi, Baba," Baba alitazama mlango wake kana kwamba mtu alikuwa amekaa ndani ya chuma.

"Nzuri," akauambia mlango. "Ng'ombe wazima."

Hapo nikajua hakuna mahali pa kupelekea simu. Hangeweza kusema "ongea na mama yako" na kuondoka. Tulikuwa sote ndani ya gari, na Malakisi ilikuwa mbali.

Tulipita Kitale mjini polepole, ndugu yangu akitaka kuonyeshwa kila kitu, Mama akiigeuzageuza tableti dirishani. Akauliza lile duka la vyuma liko wapi, nikamwambia limekuwa benki. Kiminini tukanunua mahindi ya kuchoma. Alipomwona Mama akitafuna, alifunga macho.

"Mama, tafuna karibu na simu nisikie."

Na Mama akafanya hivyo, kwa dhati, bila kucheka.

Hadi hapo Baba alikuwa akisema na mwanawe kupitia kwangu. Ndugu yangu akiuliza mahindi ya mwaka huu yakoje, Baba alinijibu mimi: "Mwambie mvua ilichelewa lakini yameshika." Nami nilisema, "Amesema mvua ilichelewa lakini yameshika," na ndugu yangu, aliyesikia kila neno, akasema, "Asante, mwambie nimesikia." Tulienda hivyo kilomita nyingi. Ulikuwa upuuzi mtupu, lakini nilihofia kwamba nikikataa kuwa mkalimani, hata hayo kidogo yangekauka.

Baada ya Kiminini mlima ulijitokeza upande wa kulia, wingu limekaa juu yake. Mama akauonyesha. Hapo uso mwingine ukachungulia kwenye tableti, mwanaume mmoja mwenye mashavu mapana, ambaye ndugu yangu alisema ni mwenzake wa chumba kutoka Nepali. Akautazama Mlima Elgon kwa makini sana, kisha akasema kwa Kiingereza chake cha polepole kwamba ni mlima mzuri, ila mdogo.

Baba anaelewa Kiingereza anapotaka.

"Mdogo?" Akageuka na kiti kizima. "Mwambie huyo bwana aje aupande kwa miguu kutoka Kapsokwony, akifika juu ndio atuambie ni mdogo!"

Ndugu yangu akamtafsiria. Yule bwana akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kuomba radhi, na akaahidi kuja. Baba akasema atampa viazi vya njiani. Kuanzia hapo mtu wa Nepali hakuondoka tena. Tulikuwa tumebeba abiria wawili.

Kilichowaunganisha hasa Baba na ndugu yangu, kama nitasema ukweli, ni yule mama wa ramani. Gari hilo lina kioo kama cha tableti kando ya usukani, chenye ramani inayovuta habari kwenye intaneti, na sauti ya mwanamke Mzungu inayokuambia ugeuke wapi. Sikuwa nimeizima kwa sababu sikujua inazimwa vipi. Tulipokaribia Kamukuywa, akalitaja jina hilo. Siwezi kuliandika alivyolitaja. Lilianza kama Kamukuywa, likaingia mahali pengine kabisa, likatokea upande wa pili likiwa limevunjika mguu.

Baba akaniangalia. "Ametaja wapi?"

Kutoka nyuma, ndugu yangu akaiga ile sauti, neno kwa neno. Tangu utoto alikuwa hodari wa kuiga watu.

"Ka-mu-ku-ywa," Baba akakifundisha kioo cha gari, polepole, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Yule mama akarudia, vibaya zaidi, kwa sababu sasa tulikuwa tumepita na alitaka turudi.

Mabega ya Baba yakaanza kutikisika. Baba hacheki kwa sauti. Hutikisika tu, na machozi humtoka. Nyuma ndugu yangu alikuwa ameshika tumbo, Mama anapiga kiti, hata mtu wa Nepali anacheka bila kujua anacheka nini. Baba akajipangusa macho kwa kitambaa, na bado akipumua kwa shida akasema, bila "mwambie":

"Wewe, na huko kwenu mnaongozwa na huyu huyu mama?"

Kukawa na kimya kifupi. Si mtandao. Ulikuwa mzuri kabisa.

"Ndiyo, Baba," ndugu yangu akasema. "Hata huku ni yeye."

Niliendelea kutazama barabara. Mama alinyoosha mkono kutoka nyuma akanifinya bega, kwa nguvu, na alama ilikaa siku mbili.

Basi wakaongea. Baba aliuliza basi lake linabeba watu wangapi, breki zake ni za upepo au za maji, na kama ni kweli mchanga unaweza kufunika barabara isionekane. Ndugu yangu akamweleza kuhusu dhoruba moja iliyomfanya asimame saa nzima na wafanyakazi hamsini ndani, wakiimba nyimbo za nchi zao kwa zamu. Baba akauliza, "Na wewe uliimba nini?" Akasema aliimba wimbo wa kanisani, ule wa Jumapili ya mavuno. Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika. Tulivuka Webuye hivyo, wakiongea breki.

Bungoma mjini tulinunua mkate, sukari na leso. Joto lilikuwa limetuvua makoti. Mahindi ya huku yalikuwa yameanza kukauka, na ndugu yangu alikumbuka kuwa kila mwaka watu wa Bungoma huvuna mapema halafu wanawacheka watu wa Kitale, halafu watu wa Kitale wakivuna ndio wanawauzia. Baba akasema hilo halijabadilika.

Mvua ilitushika tukiwa njiani kuelekea Malakisi, mnamo saa nane. Mvua ya huko haianzi, inaanguka tu. Waipa zilishindwa, nikaegesha kando ya barabara mbele ya ghala la tumbaku lililofungwa. Vipau vya mtandao kwenye kioo cha gari vikapungua, kimoja kimoja, vikaisha. Sura ya ndugu yangu ikaganda, mdomo wazi kidogo, mkono shavuni.

"Amekatika," Mama akasema.

Tukakaa tukisikiliza mvua juu ya paa. Baba aligeuka kwenye kiti, akaitazama ile sura iliyoganda. Nadhani hakuwa amemtazama hivyo siku nzima, kwa sababu siku nzima sura hiyo ilikuwa inamtazama pia.

"Amezeeka huyu kijana," akasema.

"Ana miaka thelathini na nne," Mama akasema. "Si mzee."

"Hapa kwenye macho amezeeka."

Akarekebisha kofia. Kisha akasema, "Asubuhi ile mliwaambia watu kwamba nakama. Ng'ombe nilikuwa nimemaliza kuwakama saa kumi na moja. Maziwa yalikuwa yameshachujwa. Nilikuwa nimekaa tu, juu ya ndoo."

Mama akasogea mbele, akashika kiti cha Baba. "Kwa nini hukutoka?"

"Ningetoka, ningemshika mkono. Na ningemshika, asingeenda. Angebaki." Alikuwa anaongea na tableti, si na Mama. "Angebaki kwa ajili yangu, halafu angenichukia kidogo kidogo, kila siku akiamka. Nikaona afadhali anichukie mara moja, akiwa mbali, akiwa na kazi yake."

Hapa kuna jambo ambalo ni langu. Wakati anasema neno la ndoo, niliona kwenye kioo cha gari vipau viwili vya mtandao vimerudi. Sekunde za ile simu zilikuwa zinahesabika. Sura ilikuwa bado imeganda, lakini katika spika ya mlango wangu, chini ya kelele ya mvua, nilisikia feni ya kile chumba chao ikizunguka. Baba masikio yake si ya zamani, hakuisikia. Nilijua ndugu yangu yuko, anasikiliza. Ilitosha niseme maneno mawili tu: "Baba, anasikia." Nilikuwa nayo mdomoni. Sikuyasema.

"Baba," spika ikasema.

Baba alishtuka hadi kofia ikagonga paa. "Umerudi?"

"Sijui kama nilitoka. Ni picha iliyosimama."

"Umesikia kuanzia wapi?"

"Kuanzia kwa ndoo."

Baba akavua kofia, akaiweka magotini. "Basi ndivyo ilivyokuwa," akasema.

"Mimi nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Nilikuacha udhani."

Feni ilizunguka. Ndugu yangu akakohoa, na aliposema tena sauti yake ilikuwa nyembamba. "Baba, ile honi, si dereva aliyetaka kupiga. Tulikuwa na saa nzima ya ziada. Mimi nilimwambia apige mara tatu. Nilidhani labda utatoka."

 Aliyejibu ni Mama, na alijibu kwa hasira.

"Miaka sita!" akasema, machozi yakimtiririka. "Mmoja amekalia ndoo, mwingine anapiga honi, na mimi ndiye napanda ngazi za ghala na magoti yangu haya kuwabebea salamu za ng'ombe! Mungu atawauliza nyinyi wawili!"

"Pole, Mama," ndugu yangu akasema.

"Pole," Baba naye akasema. Sijawahi kumsikia akimwambia Mama neno hilo, si kwa ajili ya kosa lake mwenyewe.

Picha ikafunguka wakati huo huo, na tukaona kwamba yeye pia alikuwa amefunika macho kwa mkono. Mtu wa Nepali alikuwa ameondoka chumbani kwa adabu.

Tulifika kwa shangazi mvua ikiwa imebaki manyunyu. Alikuwa amesimama mlangoni, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, miwani myeusi mikubwa aliyopewa na daktari ikiwa imesukumwa juu ya kitambaa cha kichwa. Akamshika Baba kwa mabega yote mawili, akamkagua.

"Mulembe," akamsalimu. "Kumbe umekuwa baba yetu kabisa. Hata hiyo pua."

Kisha akataka kumwona kijana wake. Nyumba yake haina mtandao hata wa kutuma ujumbe, na tulipoiingiza tableti sebuleni ndugu yangu akapotea. Waifai ya gari ilifika hadi mlango wa jikoni, na ikaishia hapo. Kwa hivyo shangazi akaamua. Meza ikatolewa, viti vikatolewa, gari likafunguliwa milango yote minne, na chakula kikaandaliwa uani, kwenye nyasi mbichi, kuzunguka gari kama watu waliokuja kuliombea. Alimshika ndugu yangu kwa mikono miwili, akamsogeza karibu na macho yake mapya. Shangazi, kama wengi wa huko, hubadilishana herufi za l na r, na hilo nilikuwa nimelitamani.

"Mtoto wangu, umekura?"

"Bado, Shangazi."

"Umekonda. Na hizi ndevu ni za nini?" Akataka kuzipangusa, akagusa kitufe chekundu, na ndugu yangu akatoweka. Tulimpigia mara tatu mchana ule kwa sababu ya upendo wa shangazi.

Kuku alipoletwa, shangazi aliweka sahani pia mbele ya tableti, na ugali wa wimbi kando yake. Firigisi, kama desturi, ikawekwa kwenye sahani ya Baba, kwa kuwa ndiye mwanaume mkubwa pale. Baba akaitazama. Akaichukua kwa vidole, akanyoosha mkono, akaiweka kwenye sahani ya ndugu yangu.

"Baba, sasa hiyo nani ataila?"

"Itakaa hapo kwanza," Baba akasema. "Ni yako."

Ilikaa hapo mlo wote. Mwishoni, nzi wakianza kuizoea, shangazi akaivuta. Mwanamke wa umri wake hakulelewa kula firigisi.

"Basi mimi nitamkuria," akasema. "Nimeona vya kutosha, sasa niogope nini?" Akaitafuna mbele yake, ndugu yangu akimpigia makofi.

Saa moja baadaye gari lilizimika. Nilikuwa nimeliacha na umeme wazi, milango wazi, taa za ndani zikiwaka, waifai ikifanya kazi kwa ukoo mzima, na betri ikakata roho ndugu yangu akiwa katikati ya sentensi. Ni gari la gia za kujibadilisha, haliwezi kuwaka kwa kusukumwa. Jirani mmoja akaja na trekta yake na nyaya, na kwa muda huo wote Baba alizunguka gari akisema, "Angekuwa hapa angetuambia la kufanya. Hiyo ndiyo kazi yake." Alilisema kwa jirani, kwa mke wa jirani, na kwa dereva wa bodaboda aliyesimama kutazama: "Kijana wangu ni dereva wa basi kubwa. Ghuba." Miaka sita sikuwahi kumsikia akimtaja kwa mtu wa nje.

Gari liliponguruma, simu ya kwanza kuingia ilikuwa yake. "Jameni, mliniacha wapi?" Baba ndiye aliyejibu, akainamia mlango na kumweleza habari za betri kwa urefu, hadi ndugu yangu akamwomba apumue.

Nilikiri kwa Baba wiki mbili baadaye, tukiwa wawili zizini. Nilimwambia nilijua kwamba mtandao umerudi na nikanyamaza. Alikasirika. Alisema, "Ulinitega, mwalimu," na hakunisemesha tena jioni ile, akanipita na ndoo kama mtu anayepita mti. Sikujitetea. Kesho yake asubuhi alinipigia simu, kutoka ngazi ya juu ya ghala, mahali asipowahi kupanda. Aliuliza tu: "Ofu yake ni Ijumaa kila wiki, au hubadilika?"

"Kila wiki, Baba."

"Haya. Gari liko?"

Ile intaneti ya mtu wa Eldoret iliisha zamani. Mume wangu alilipia nyingine bila mimi kumwomba. Siku hizi, Ijumaa nikitoka shuleni, napitia Endebess, naegesha uani, namwachia Baba gari likinguruma ili yale ya betri yasijirudie. Anaingia, anafunga mlango, Mama anampa dakika zake kabla ya kudai zamu. Mara nyingi wanabishana kuhusu fahali gani wa kumpandisha ng'ombe gani, kana kwamba ndugu yangu atakuwepo kushika kamba. Labda atakuwepo, anasema mkataba ukiisha mwakani atakuja kwanza aangalie. Baba hamshiki kwa neno hilo.

Juzi nilipita karibu na dirisha la gari nikipeleka sukari jikoni, nikaona hawaongei. Ndugu yangu alikuwa anapiga pasi shati la kazi, Baba anapukuchua mahindi ya mbegu kwa kidole gumba, punje zikianguka kwenye kofia magotini. Nilidhani mtandao umekatika. Nikasimama kuangalia. Picha haikuwa imeganda: pasi ilikuwa inakwenda na kurudi, mvuke ukipanda.